Kuku wa Mlalamikaji

Machi 9, Jumapili

Mvua ya kwanza ya masika imenikuta nimechuchumaa bandani namkamua ng'ombe wangu Kibibi. Mke wangu Rosalia alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli, akaniuliza kwa nini Kibibi anaanza kukamuliwa kabla ya mwenzake, nani aliamua hivyo, na aliamua lini. Amestaafu ujaji tangu Agosti lakini maswali hayajastaafu. Nilimwambia Kibibi mwenyewe ndiye aliyeamua. Akacheka mpaka mwavuli ukamponyoka.

Naandika hilo kwa makusudi. Huyu mwanamke sasa anacheka. Miaka yote ya utumishi wake alikuwa mara Bukoba, mara Songea, mara Mbeya, na mimi nimebaki hapa Kongowe ya Kibaha na kazi yangu ya ubwana mifugo, nikimlea Loyce wetu. Ndoa yetu imeishi kwa simu na likizo. Tuliahidiana kwamba masika ya kwanza baada ya kustaafu tutakwenda shambani kwetu Masaki tupande mikorosho kwa mikono yetu, yeye na mimi. Ndiyo haya masika yenyewe.

(Watu wa Dar wakisikia nina mahali Masaki, wakidhani ni ule mtaa wao wa matajiri, hunyoosha mkono kunisalimia vizuri. Nikisema ni Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mkaa, mkono unalegea.)

Machi 14, Ijumaa

Rosalia kapigiwa simu kutoka Dodoma. Alitoka nje kuipokea, akazunguka mpapai mara sijui ngapi, akarudi amelowa mabega.

"Baba Loyce, wananitaka."

"Nani anakutaka na umri huo?"

Hakucheka. Wanataka awe Mwenyekiti wa Baraza la Hakimiliki. Nikamuuliza hicho ni kitu gani.

"Mtu katunga wimbo, mwingine kauimba kama wake. Au kitabu, au picha. Wanakwenda kusikilizwa hapo."

"Kwani mahakama zimefungwa?"

"Mahakamani wimbo unapanga foleni nyuma ya viwanja na mirathi. Nimeona Mbeya, mtunzi amezikwa kesi yake haijaitwa hata mara moja. Sasa wanataka mtu aliyezeeka kortini, ambaye mawakili hawamzungushi."

Nikauliza habari ya mikorosho. Akasema bado hajawajibu.

Machi 15

Mvua. Sikusema naye. Na yeye hakusema na mimi.

Machi 18

Aliniomba maoni yangu. Nikamwambia, "Wewe ndiye jaji." Ni jibu la kihuni na nilijua wakati linatoka.

Machi 22, Jumamosi

Nimekwenda Masaki na miche peke yangu. Rosalia alibaki nyumbani anasoma sheria ya hakimiliki, ameinamia karatasi kama mtahiniwa. Ina maana ameshakubali moyoni, anachotafuta ni namna ya kuniambia.

Barabara ni tope tupu, pikapu ilikuwa inakwenda kiupandeupande. Nimepanda shamba lote isipokuwa mstari wa mwisho, ule unaopakana na ua wa minyaa wa jirani. Mashimo sita nimeyaacha wazi. Hayo ni ya Rosalia, na kama hatakuja yajae maji.

Jirani yangu ni Bi Siwema, mama mtu mzima, mjane. Nimempelekea tende na sukari ya futari, kama kila Ramadhani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Loyce. Na huyo Mama Loyce tunamsikia jina tu, au umemzua?"

Nikamwambia yupo, ana kazi za serikali. Sisemi hata siku moja kwamba ni jaji. Nilisema mara moja huko Chole, kijiji kingine cha Kisarawe, basi kila mwenye ugomvi wa mpaka akawa ananisubiri barabarani, mpaka nikawa napitia njia ya nyuma.

Machi 29, Jumamosi

Amekubali. Aliniambia tukiwa tunakunywa chai, taratibu, kama daktari anayetoa majibu. Nikasema hongera. Kisha nikaenda bandani kusafisha mahali ambapo nilikuwa nimeshasafisha.

Nina hasira, niseme ukweli. Si hasira ya kupiga meza. Ni ile ya mtu aliyesubiri basi kituoni miaka, limefika, limesimama, halafu dereva anasema linageuza.

Aprili 10, Alhamisi

Ameapishwa. Alivaa suti ya kijivu ambayo nilidhani tumeshaigawa. Loyce alipiga simu akiwa Arusha.

"Baba, umenuna?"

"Nani kakwambia?"

"Mama amesema umempongeza vizuri sana. Nikajua umenuna."

Aprili 12

Mvua usiku kucha. Ndama ana homa.

Aprili 19, Jumamosi

Masaki, kupalilia. Miche inashika vizuri. Mashimo ya Rosalia yamejaa maji na vyura.

Wakati naondoka Bi Siwema alikuja na jogoo mwekundu amefungwa miguu kwa ukindu. Nilimpa tende za futari, naye ananipa kuku wa Pasaka. Ndivyo tunavyoishi tangu nimenunua shamba, yeye Mwislamu mimi Mkristo, na hakuna anayehesabu. Ukikataa kuku wa mtu wa huku umemwambia kwamba nyumba yake ina kasoro. Nikamshukuru, nikamweka jogoo kwenye pikapu, akapiga kelele mpaka Kibaha.

Aprili 20, Pasaka

Tumetoka kanisani tumemla jogoo. Rosalia mwenyewe ndiye aliyempika, kwa nazi, na shingo amekula yeye. Akasema kuku wa namna hii mjini hayupo, nimwambie jirani ahsante.

Mara ya kwanza tangu Machi tumekaa mezani muda mrefu bila mtu kutafuta sababu ya kuinuka.

Aprili 30

Anaondoka alfajiri na wafanyakazi wengine wanaokwenda Dar, anarudi jioni viatu mkononi. Baraza lenyewe halijapata hata kabati. Yeye na wajumbe wenzake wawili wanafanyia kazi kwenye chumba cha kuazima. Nilitegemea alalamike ili nimwambie nilikwambia. Halalamiki. Leo nimemsikia jikoni anaimba huku anachambua mchicha. Miaka yote ya ujaji sijawahi kumsikia anaimba akitoka kazini.

Nilimuuliza kwa nini kesi za nyimbo zinamfurahisha kiasi hicho. Akasema katika kesi za viwanja watu wanagombania kitu ambacho walikikuta. "Hawa wanagombania kitu ambacho mmoja wao alikitoa kichwani mwake, Baba Loyce. Kilikuwa hakipo duniani, akakileta." Majina na mambo ya kesi hanitajii. Hiyo ni sheria ya nyumba yetu tangu zamani, na sijawahi kuivunja.

Nimemwelewa, lakini sikumwambia.

Mei 3

Mvua inapungua.

Mei 10, Jumamosi

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa Masaki napogolea minyaa upande wangu. Bi Siwema akaja na kigoda, akakaa upande wake, akaanza kusema. Mimi nilijua ni mtunzi wa nyimbo za ngoma ya mwali, kila mtu huku anajua. Nilichokuwa sijui ni haya.

Uko wimbo aliutunga mwaka aliotolewa nje binti yake wa kwanza, alipomaliza unyago. Ni wimbo wake. Mwanamke mwingine akiutaka kwa ngoma ya bintiye, anakuja kwa Bi Siwema kuuomba. Na Bi Siwema ana kawaida yake ambayo haivunji, mwombaji hapewi wimbo kabla hajala. Anamchinjia kuku, anamlisha, ndipo anamfundisha neno kwa neno, na mwombaji akienda kuuimba anataja kwanza umetoka kwa nani. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Sasa kuna kijana mmoja wa Dar, Zahoro, ameuimba kwenye muziki wao wa vijana, amebadilisha maneno ya mwali akaweka ya baa, na unapigwa kila kona.

"Nilikuwa nimenyamaza," akasema. "Nikasema mtoto huyo, acha ale ujana. Halafu mwaka jana nimealikwa ngoma huko Chole. Naanza kuimba, wasichana wananicheka. Mmoja akanambia, bibi, hata wewe unaiga nyimbo za Zahoro? Mimi, Baba Loyce! Mbele za watu! Wimbo nimeutunga mimi na mimba ya huyu mwanangu Yahya tumboni!"

Akafuta macho kwa upande wa kanga. Mjukuu wake anatolewa nje likizo ya Juni, na anataka auimbe wimbo wake mwenyewe bila kuitwa mwizi. Pesa hakuzitaja. Ndiyo maana amelalamika kwenye Baraza jipya, na wamemwita tarehe ishirini na mbili, pale pale Kisarawe mjini, maana Baraza limesema litawafuata mashahidi waliko.

"Wanasema mwenyekiti ni mwanamke, jaji, mkali kama pilipili. Unamjua?"

Mkasi uliniponyoka. Nikasema nasikia sikia. Nikaaga haraka kama mtu aliyeshikwa na tumbo.

Tumemla kuku wa mlalamikaji. Mimi na Mwenyekiti. Kwa nazi.

Mei 11, Jumapili

Sikumwambia. Kanisani sikusikia neno hata moja la mahubiri.

Mei 12, Jumatatu

Nieleze vizuri, kwa sababu nimejiona siku hizi mbili na sikupenda nilichokiona.

Jambo la kwanza lililonijia pale kwenye minyaa halikuwa woga. Nilifikiri, basi, yamekwisha. Nikimwambia atatoka. Nimjuavyo, hataomba hata dakika, atasimama atoke, arudi nyumbani, tupande mikorosho. Kile nilichokiombea tangu Machi nimeletewa kwenye pikapu kimefungwa ukindu. Nikangoja nifurahi. Sikufurahi. Nikawa namwona jikoni na mchicha wake, anaimba. Namwona na Bi Siwema anachekwa na watoto. Nani mwingine atamsikiliza yule mama bila kumharakisha? Nikajua kwamba simtaki Rosalia arudi nyumbani kwa njia hiyo. Nataka abaki kwenye kile kiti, na mimi ndiye niliyekitia msumari.

Jioni nikamsubiri avue viatu. Nikamwambia yote.

"Kuku yupi?" akauliza.

"Wa Pasaka."

"Nani amemla?"

"Mimi na wewe."

Nikasema, kwa upumbavu tu, "Shingo ulikula wewe."

Aliweka miwani mezani. Nimeishi na huyu mwanamke muda mrefu na sijui kumsoma akivua miwani. Nikaanza kujitetea kwamba sikujua, kwamba Bi Siwema naye hakujua, kwamba ni ujirani tu. Akanyoosha kiganja.

"Najua ni ujirani. Lakini huyo kijana wa Dar akiambiwa siku moja kwamba jaji alikula kuku wa mpinzani wake, ataamini kwamba alisikilizwa? Mimi ningekuwa yeye nisingeamini."

"Basi utafanya nini?"

"Nitasema mbele ya wote, kabla ya neno lolote la kesi. Upande wowote ukinikataa, natoka." Akaivaa tena miwani. "Na nikitoka kwenye shauri la kwanza kabisa tunalosikiliza, kwa sababu ya kuku, kiti chenyewe sidhani kama nitakirudia. Nitaandika barua wapewe mwingine."

Nikamwambia samahani. Akasema kosa la kupokea kuku halipo, kosa lingekuwa kunyamaza. Kisha akasema nami niwepo siku hiyo.

"Mimi tena? Wa nini?"

"Nikitaja mlaji, watu wamwone."

Mei 16

Jua. Nimeshindwa kula mayai.

Mei 21, Jumatano

Bi Siwema alinipigia kuniomba nimpitie kesho na gari, njia bado mbaya. Nimemkatalia. Kumkatalia mama wa umri ule lifti bila kumweleza sababu! Rosalia amesema niseme tu siwezi. Nimesema siwezi. Akasema, "Haya baba, Mungu yupo," na hapo ndipo aliponimaliza.

Mei 22, Alhamisi

Hii nitaiandika yote hata kama taa itazima.

Ukumbi wa Kisarawe ulijaa. Wanawake wa Masaki walikuja na kanga za sare, vijana wa Zahoro na miwani ya jua ndani ya nyumba. Nikakaa nyuma kabisa. Bi Siwema alifika kwa bodaboda, tope mpaka magotini. Aliponiona akageuza uso.

Kisha wakaingia wajumbe, Rosalia katikati. Nataka niseme jambo la ajabu. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwona mke wangu akiwa kazini. Nilimpeleka stendi, nikampokea stendi. Sikujua kwamba akikaa kwenye kiti sauti yake inashuka badala ya kupanda, na kwamba watu wanainama mbele ili wasikie.

Bi Siwema alipomtazama vizuri, kisha akanitazama mimi, akili yake ikafika. Rosalia amewahi kuja shambani mara moja, zamani, na kofia, mama akamwona kwa mbali tu bila kuambiwa ni nani. Mama akaweka mkono mdomoni.

Wakili wa kijana, Ponsiano, alishawasilisha majibu kwa maandishi, na karani aliyasoma. Zahoro ameutunga wimbo mwenyewe studio, hajawahi kufika Masaki, wala hajawahi kukutana na mlalamikaji maishani mwake.

"Kabla hatujaendelea," akasema Rosalia, "Mwenyekiti ana jambo lake. Siku ya Pasaka mimi na mume wangu tulikula kuku. Tumegundua baadaye kwamba alitoka kwa mlalamikaji, ambaye shamba lake linapakana na letu. Mume wangu yule pale nyuma."

Shingo zote ziligeuka. Nikasimama nusu, nikakaa.

Bi Siwema hakungoja kuulizwa. "Kuku yule nilimpa Baba Loyce, sikumpa jaji! Ningejua ni wa jaji ningetoa yule jogoo anayechechemea?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Rosalia akangoja kiishe, akamgeukia kijana. "Ndugu Zahoro, hili si la kucheka. Una haki ya kunikataa, na ukinikataa nitatoka sasa hivi, na hakuna atakayekulaumu. Unasemaje?"

Ponsiano alikuwa anainuka. Lakini kijana alishasimama, ana tabasamu, bado yumo kwenye kicheko cha watu.

"Mheshimiwa, sina neno. Kuku wa Bi Siwema nani hajala? Hata sisi siku ile tulikula mpaka mchuzi, halafu..."

Akaishia hapo hapo, mdomo wazi.

Hakuna aliyecheka. Wanawake wa Masaki waliguna kwa pamoja, mguno mmoja mrefu, kwa sababu kila mmoja alijua ni siku gani kuku wa Bi Siwema huliwa na mgeni. Ponsiano akashika paji la uso.

Mimi ningemrukia. Rosalia hakumrukia. Akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Nilichokuuliza ni kama unanikataa."

"Sikukatai, Mheshimiwa."

"Basi keti. Tutapumzika kidogo. Zungumza na wakili wako kabla hujasema lingine lolote."

Waliporudi Ponsiano akaomba kuyaondoa majibu yake. Na kijana akaomba kusema mwenyewe. Akavua miwani, kumbe ni mtoto kabisa. Alikwenda kwa Bi Siwema na mpiga ngoma mmoja, miaka minne iliyopita, wakalishwa, wakafundishwa. Aliuimba Dar kwa utani, ukapendwa. Redioni wakamuuliza nani katunga, akasema mimi. "Nilisema mara moja tu. Baada ya hapo kila siku ningetaka kurudi nyuma, nikaona aibu." Akamgeukia Bi Siwema. "Bibi, nisamehe."

Bi Siwema akamtazama uso ule bila miwani. "Kumbe wewe ndiye uliyeomba ukoko," akasema. "Nakukumbuka."

Mei 23

Tumerudi jana kwa gari moja. Tulipofika Kongowe nikamfungulia mlango wa gari, nikamwambia, "Karibu, Mheshimiwa." Aliniangalia kama anatafuta kejeli. Haikuwepo. Akanishika mkono mpaka ndani.

Juni 5, Alhamisi

Uamuzi umesomwa. Wimbo ni wa Siwema binti Pazi. Kila utakapopigwa jina lake litatajwa, haki zake zinamrudia, na maneno ya baa yanaondolewa. Rosalia hakuniambia, nimesikia redioni nikiwa bandani, nimewaambia ng'ombe.

Juni 14, Jumamosi

Masika yamekwisha, msimu wa kupanda umepita, na leo ndipo mke wangu alipokuja kupanda mikorosho. Nilimwambia itabidi tubebe maji mpaka vuli. Akasema tutabeba, Jumamosi ni yake. Kazi ya Baraza inaendelea Jumatatu, kuna mashauri mengine yanasubiri, na mimi nimeshanunua tochi ya kumsindikizia stendi alfajiri.

Upande wa pili wa minyaa mjukuu wa Bi Siwema anatolewa nje. Ngoma tangu asubuhi. Zahoro amekuja, nimemwona anapita na jogoo wake mwenyewe mkononi, miwani mfukoni. Bi Siwema alikuja mpaka kwenye minyaa na jogoo mwingine, mweupe.

"Baba Loyce, pokea."

Nikaruka nyuma. "Mama, muda wa kukata rufaa haujaisha!"

"Unaisha lini?"

Nikamwambia. Akasema basi atamfuga mpaka siku hiyo, na akamfunga uzi mwekundu mguuni asije akachanganywa na wengine. Akatukaribisha ngomani. Rosalia akamshukuru kwa adabu, akasema hawezi, si sasa.

Basi tukabaki na mashimo yetu sita. Tulipofika la nne wakaanza ule wimbo. Bi Siwema alitangulia, kwanza akataja jina lake, kisha zikaingia sauti za wasichana, wengi, na hakuna aliyecheka. Rosalia akaacha kufukia. Akasimama ameegemea jembe, uso ameuelekeza kwenye minyaa, machozi yanamtiririka na hayafuti. Hakusogea hatua moja kuvuka upande ule. Lakini kiuno kilikuwa kinakwenda na ngoma, kidogo kidogo, ndani ya gauni la shamba.

Nikainama, nikajifanya nashindilia udongo kwenye mche ambao nilikuwa nimeshaushindilia.